Maswali ya Wasomaji: Kuzipata Barua Pepe Zilizolala

Barua za mwezi huu zimetoka pembe mbalimbali za Dar es Salaam, na nyingi zinazunguka jambo moja: mtu ana barua pepe za miaka mingi alizozihifadhi, anajua kwa hakika kwamba anachokitafuta kimo humo, lakini hakipati. Nimechagua nne, nikazifupisha kidogo. Amri zote nilizoziandika huandikwa kwenye dirisha la terminali katika kompyuta ya Linux. Anayetumia Windows anaweza kuzitumia akiweka WSL (mfumo wa kuendesha Linux ndani ya Windows), kwa sharti nitakalolitaja katika jibu la mwisho.

Swali la kwanza

*Ndugu mjibu maswali, mimi ni wakala wa forodha hapa Kurasini. Mteja wetu amekataa kulipa gharama za kuchelewa kwa kontena la mwaka 2019, akidai hatukumwarifu. Najua tulimwandikia si chini ya mara tano. Kijana mmoja wa Kariakoo alinishushia barua zote kwenye kompyuta na kunifundisha amri ya grep, lakini nilipotafuta namba ya kontena nilipata barua mbili tu. Je, nyingine zimepotea?*

Ndugu yangu wa Kurasini, barua zako hazijapotea. Kilichokwama ni namna ya kuzitafuta. Amri ya grep husoma faili kama lilivyo kwenye diski, herufi kwa herufi, na barua pepe haikai kwenye diski kama unavyoiona kwenye skrini. Tangu zamani barua pepe ilitengenezwa ipitishe herufi za Kiingereza tu na mistari mifupi, kwa hiyo programu ya mtumaji mara nyingi huyageuza maandishi kabla ya kuyatuma. Njia moja ya kugeuza huitwa base64, na kwa njia hiyo neno “Ankara” likiwa mwanzo wa barua huandikwa QW5rYXJh. Hata ungekuwa na macho ya tai, usingeliona neno lako humo. Njia ya pili, iitwayo quoted-printable, huacha maneno yakisomeka lakini hukata kila mstari usizidi herufi 76 na kuweka alama ya = pale ulipokatwa. Namba ya kontena lako ikiangukia hapo, nusu hubaki juu na nusu hushuka chini, na grep hupita bila kuitambua. Zile barua mbili ulizozipata ni zile ambazo kwa bahati hazikugeuzwa wala kukatwa mahali pabaya.

Unachohitaji ni programu inayofungua kila barua, kuirudisha katika maandishi yake halisi, kisha kuandika faharasa: neno hili limo katika barua hizi, neno lile katika barua zile. Kazi hiyo hufanyika mara moja, na baada ya hapo kutafuta hakuhitaji tena kupitia barua moja moja. Mimi hutumia notmuch, programu huria iliyoanzishwa na Carl Worth mwaka 2009, ambayo faharasa yake hutunzwa na maktaba ya programu iitwayo Xapian. Ipo nyingine ya aina hiyohiyo iitwayo mu, nayo ni nzuri. Nazungumzia notmuch kwa sababu ndiyo ninayoishika kila siku.

Kwenye Debian au Ubuntu, andika:

sudo apt install notmuch isync

Kifurushi cha isync kina amri iitwayo mbsync, ambayo kazi yake ni kuleta barua kutoka kwenye seva kwa njia ya IMAP (utaratibu wa kusoma barua zilizoko kwenye seva) na kuziweka katika mpangilio wa Maildir, yaani kila barua katika faili lake. Notmuch yenyewe haishushi barua, haitumi, wala haifuti. Husoma tu kilichopo kwenye diski, na hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kuiamini. Katika faili la maelekezo la mbsync nakusihi uweke mstari usemao Sync PullNew na mwingine usemao Expunge None. Wa kwanza humaanisha kwamba barua mpya zitakuja kwako lakini hakuna chochote utakachokifanya kwenye kompyuta yako kitakachorudi kugusa seva. Wa pili humaanisha kwamba hakuna barua itakayofutwa kabisa, huku wala kule. Nimeona ofisi moja ikipoteza barua za miaka sita kwa sababu aliyepanga mambo aliruhusu ufutaji uende pande zote mbili, kisha mtu akasafisha folda asiyoijua.

Barua zikishafika, amri ya notmuch setup itakuuliza maswali machache, na la muhimu ni folda gani inatunza barua. Kisha:

notmuch new

Mara ya kwanza itachukua muda, na inafaa uiache ifanye kazi wakati wa chakula cha mchana. Baada ya hapo, kila ukiirudia itasoma barua mpya pekee.

Sasa tuje kwenye kontena lako. Namba ya kontena ina herufi nne, tarakimu sita na tarakimu moja ya kuhakiki, na katika ofisi zetu kila mtu huiandika kwa mtindo wake: mmoja ABCU1234567, mwingine ABCU 123456-7, wa tatu ABCU123456-7. (Namba hii ni ya mfano tu.) Kwako wewe ni kitu kimoja, lakini kwa faharasa, nafasi na kistari hutenganisha maneno, hivyo mtindo wa pili ni maneno matatu. Uliza basi kwa namna itakayoikusanya mitindo yote:

notmuch search 'date:2019-01-01..2019-12-31 and (ABCU123456* or "ABCU 123456")'

Kinyota humaanisha “na chochote kinachofuata”. Alama za kufungua na kufunga nukuu zinazobana ombi zima si pambo: ukiziacha, terminali itaisoma mabano na kinyota kama amri zake yenyewe kabla notmuch haijaona chochote. Majibu huja mstari mmoja kwa kila mfululizo wa mazungumzo, ukiwa na tarehe na hesabu kama [2/7], maana yake barua mbili kati ya saba katika mazungumzo hayo ndizo zenye namba yako. Usiridhike na hizo mbili. Soma zote saba, kwa kuwa mara nyingi ile barua ambayo mteja alijibu “nimepokea, asante” haitaji namba ya kontena hata kidogo, na hiyo ndiyo barua unayoihitaji kuliko zote. Jaribu pia kutafuta namba ya TANSAD, yaani hati ya forodha, ya mzigo huo, maana wenzako wa kitengo cha nyaraka huenda waliitumia hiyo badala ya namba ya kontena.

Swali la pili

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani katika ofisi ya SACCOS huku Temeke. Nilifuata maelezo yako ya mwaka jana nikaweka notmuch, nayo ni nyepesi kweli. Lakini nikitafuta “mkopo” silipati neno “mikopo”, na nikitafuta “lipa” karibu sipati kitu. Tena nilipotaka barua za wanachama wa Chang'ombe, terminali ilionyesha alama ya > peke yake ikanyamaza. Nimekosea wapi?*

Marahaba, mwanangu. Hujakosea, na swali lako ni lile ambalo kila anayetafuta kwa Kiswahili hukutana nalo mapema au baadaye, ingawa maelezo mengi ya programu hizi hayaligusi kabisa.

Nianze na Chang'ombe kwa sababu ni fupi. Kwa terminali, king'ong'o kile (alama ya ') kwenye jina ni alama ya kufungua nukuu. Ukiandika notmuch search Chang'ombe, inaona nukuu imefunguliwa na haijafungwa, ndiyo maana inakuonyesha > na kusubiri uifunge. Bonyeza Ctrl na C kwa pamoja utoke, kisha lizungushie jina alama za nukuu mbilimbili:

notmuch search "Chang'ombe"

Neno litachukuliwa zima, na huna haja ya kuhofia kwamba mwandishi wa barua alitumia king'ong'o kilichopinda badala ya kilichonyooka, kwa kuwa Xapian huvichukulia vyote viwili kuwa kitu kimoja.

Sasa “mkopo”. Notmuch inapoandika faharasa hujaribu kulirudisha kila neno kwenye shina lake, ili anayetafuta neno la umoja apate na la wingi. Lakini kanuni inazozitumia ni za Kiingereza pekee, lugha inayobadilisha maneno yake mwishoni, kwa kuongeza s, ed au ing. Kiswahili hubadilika mwanzoni: mkopo, mikopo, mkopaji, wakopaji, alilipa, tumelipa, hawajalipa, atakayelipa. Kanuni za Kiingereza hupapasa mwisho wa maneno hayo, hazikuti kitu, na kila umbo hubaki kuwa neno la pekee lisilo na undugu na jingine. Kinyota nacho hakitusaidii hapo, kwa maana hukubaliwa mwishoni mwa neno tu, *kopo haiwezekani.

Kwa hiyo sharti ubadili namna ya kuuliza, na ushauri wangu wa kwanza ni huu: tafuta kwa jina, usitafute kwa kitenzi. Kitenzi chetu kina nafsi sita, nyakati kadhaa, ukanushi na kauli zake, na huwezi kukisia ni umbo lipi mwanachama alilitumia. Lakini majina mengi ya kazi za fedha hayabadiliki kati ya umoja na wingi: riba, dhamana, risiti, stakabadhi, hundi, akaunti, hati, faini, benki. Mwanachama aliyeandika kwamba hajalipa, hakulipa au hatalipa, katika barua hiyohiyo karibu kwa hakika atataja riba au dhamana. Shika hilo. Pale kitenzi kisipoepukika, kinyota hutenda kazi upande wa mwisho, ambako lugha yetu nayo ina mabadiliko yake: nimelip* itakupa nimelipa, nimelipwa, nimelipia na nimelipiwa.

Ushauri wa pili ni kutunza kamusi ndogo ya ofisi ndani ya notmuch yenyewe. Ombi refu linaweza kupewa jina likahifadhiwa:

notmuch config set query.mkopo 'mkopo or mikopo or mkopaji or wakopaji or kukopa or kukopesha or loan'

Baada ya hapo unaandika tu:

notmuch search query:mkopo and date:2022-07-01..2023-06-30

na utapata barua za mwaka mzima wa fedha zenye umbo lolote kati ya hayo. Nimeweka neno la Kiingereza mle kwa makusudi, kwa kuwa barua za ofisi za hapa mjini huchanganya lugha katika sentensi moja, na anayetafuta kwa lugha moja hukosa nusu ya barua. Kila unapogundua umbo jipya, liongeze. Baada ya miezi mitatu utakuwa na hazina ambayo karani atakayekuja baada yako atakushukuru kwayo.

Kwa kichwa cha barua una ruhusa zaidi, kwani hapo notmuch hukubali kipande cha katikati ya neno kikiwekwa kati ya mikwaju (/):

notmuch search 'subject:"/kopo|KOPO/"'

Na kama unahitaji kipande cha neno ndani ya barua yenyewe, hapo naisifu programu ambayo wengi wameisahau, mairix, iliyoandikwa na Richard Curnow. Haina mvuto wa notmuch, haina lebo za kuzipanga barua, na majibu yake huyaweka katika folda mpya ya viungo vinavyoelekeza kwenye barua zenyewe. Lakini inajua jambo moja linalotufaa sana: alama ya = mwishoni mwa ombi humaanisha “neno lolote lenye kipande hiki”. Kwa hiyo

mairix b:kopo=

huleta mkopo, mikopo, wakopo na hata mkoponi kama yupo aliyekosea kuandika, mradi kipande kimo. Ukiongeza namba baada ya alama hiyo, unaruhusu makosa ya herufi: b:stakabadhi=1 humpata pia aliyeandika stakabathi na aliyeandika stakabadi, na sote tunajua ni wangapi. Sidhani kwamba mwandishi wake alikuwa akiwaza Kiswahili, lakini kwa lugha inayobadilika mwanzoni mwa neno sijaona chombo rahisi kuliko hicho. Notmuch na mairix zinaweza kusoma folda ileile ya barua bila kugombana. Hakikisha tu kwamba folda ya majibu ya mairix iko nje ya folda ya barua.

Swali la tatu

*Ninafanya kazi katika ofisi ya mawakili karibu na Mtaa wa Samora. Mikataba mingi hutujia ikiwa PDF iliyoambatishwa, na notmuch haioni yaliyomo. Je, ipo njia? Na je, barua niliyoipata kwa njia hii naweza kuiwasilisha mahakamani?*

Ni kweli kwamba notmuch husoma maandishi ya barua na jina la kiambatisho, haisomi kilicho ndani ya PDF. Ukiandika attachment:pdf pamoja na jina la mtumaji na tarehe, utapunguza orodha hadi barua chache za kufungua kwa mkono, na mara nyingi hiyo yatosha. Kama haitoshi, weka Recoll, ambayo nayo hutumia Xapian lakini hufungua viambatisho na kusoma yaliyomo. Kifurushi cha recollcmd huleta recollindex ya kuandika faharasa na recollq ya kutafuta bila kutoka kwenye terminali, nacho cha poppler-utils huhitajika ili PDF zisomeke. Mkataba uliopigwa picha kwa skana ni picha tu, hauna maandishi ya kutafutwa mpaka upitishwe kwenye programu ya kutambua herufi kama vile Tesseract.

Kuhusu mahakama, wewe uko karibu na mawakili kuliko mimi, nami nitasema yale ya upande wa kompyuta. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi, na katika kuupima huangaliwa jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa, na kama ukamilifu wake umelindwa. Kwa hiyo usitoe nakala ya kilichoonekana kwenye skrini ukadhani umemaliza. Toa barua yenyewe pamoja na vichwa vyake vyote, yaani mistari ya juu yenye mtumaji, tarehe na mengineyo (badala ya nukta tatu weka kitambulisho cha barua hiyo):

notmuch show --format=raw id:... > barua.eml

na mara moja chukua alama yake, ambayo hubadilika faili likiguswa hata herufi moja, kwa sha256sum barua.eml, uiandike mahali pamoja na tarehe. Katika Maildir, alama kwamba barua imesomwa au imejibiwa hukaa kwenye jina la faili, hivyo kuifungua hakubadilishi hata herufi moja ya ndani. Hata hivyo ujue kwamba mbsync inaposhusha barua huongeza mstari mmoja unaoanza na X-TUID kwa matumizi yake. Ni mstari usio na madhara, lakini wakili wa upande wa pili akiuona kabla yako atauliza umetoka wapi. Eleza mapema, na uitunze barua ileile kwenye seva ili ilinganishwe.

Jambo moja hukuliuliza lakini lazima nilitaje. Faharasa ina maneno ya barua za wateja wenu wote, na anayeishika ameshika siri zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawahusu ninyi pia. Kompyuta yenye faharasa hiyo isiwe ile ya mapokezi, na diski yake ifungwe kwa nywila tangu inapowashwa.

Swali la nne

*Mimi ni mstaafu, naishi Kigamboni. Umeme ukikatika wakati notmuch new inafanya kazi, je, barua zangu zitaharibika? Na mbona nikinakili folda ya barua kwenye flashi nakataliwa?*

Mzee wangu, barua zako ziko salama. Mpangilio wa Maildir, uliobuniwa na D. J. Bernstein kwa ajili ya seva yake ya qmail, huiandika barua kwanza katika folda ya tmp, na ikiisha kukamilika ndipo huhamishiwa new. Umeme ukikatika katikati, kinachobaki ni kipande katika tmp ambacho hakuna anayekihesabu kuwa barua. Faharasa nayo hukaa katika folda yake iliyofichika iitwayo .notmuch, na hata ikiharibika unaweza kuiandika upya kutoka kwenye barua. Kisichorudi ni lebo ulizoziweka mwenyewe kwa mkono, kwa hiyo mara moja kwa wiki andika:

notmuch dump --output=lebo.txt

na siku ya shida utazirudisha kwa notmuch restore --input=lebo.txt baada ya faharasa kukamilika.

Flashi inakukatalia kwa sababu majina ya mafaili ya Maildir yana alama ya nukta mbili, kwa mfano :2,S mwishoni mwa jina la barua iliyosomwa, na flashi nyingi zinazouzwa madukani zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, mifumo isiyokubali alama hiyo katika jina. Hapo ndipo lilipo lile sharti la wenye Windows: barua zikae ndani ya upande wa Linux wa WSL, katika folda yako ya nyumbani, zisiwekwe chini ya /mnt/c, ambako majina hayo Windows yenyewe haiyasomi sawasawa na kazi huenda polepole mno. Kwa flashi, zifunge barua zote katika furushi moja. Na kwa kuwa FAT32 haipokei faili linalofikia GB 4, likate furushi hilo vipande. Ukiwa ndani ya folda ya flashi, ikiwa barua zako ziko katika folda iitwayo Barua, andika:

tar -cz -C ~ Barua | split -b 3G - barua.tar.gz.

Siku ya kuzirudisha, nenda kwenye folda unayotaka zikae, kisha tumia cat kuvisoma vipande vyote kwa mpangilio kutoka kwenye flashi na kuvipitisha kwa tar -xz. Fanya jaribio hilo leo katika folda tupu, uhesabu barua zilizorudi, kabla hujaiweka flashi kabatini.